Viroboto Waliorudi na Gunia Lao

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka vilima vya Keroka, Samsam alikuwa amekwisha kufanya kazi tatu. Alifagia mbele ya duka la baba yake, Gulled. Alimpelekea mama yake, Asli, kuni za kuchemshia chai. Kisha akaja kwenye kazi aliyoipenda kuliko zote: alichukua kikombe cha bati chenye maziwa akaenda ghalani kuwaamkia paka.

Duka la Gulled lilikuwa la tatu katika safu ya maduka matano, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kericho. Mbele aliuza chumvi, sukari, sabuni na mablanketi. Nyuma alikuwa na ghala la wimbi na mahindi. Penye wimbi hapakosi panya, na penye panya sharti pawe na paka. Paka wa ghala lile aliitwa Shaba, kwa ajili ya rangi yake. Mwaka huo wa 1954 alikuwa na watoto watatu wa mwezi mmoja, na Samsam alikuwa amewapa majina ya dukani: Mchele, Kunde na Choroko. Samsam mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa pekee, lakini ukimwuliza ana ndugu wangapi alikujibu watatu bila kupepesa macho.

Duka la pili lilikuwa la Jeconia, fundi cherehani aliyehamia kutoka upande wa ziwani na mkewe, Magdaline, na binti yao, Akong'o. Akong'o na Samsam walikuwa marafiki, darasa moja, dawati moja. Paka wa nyumba ya fundi alikuwa mweusi na mwembamba, kwa hiyo aliitwa Sindano. Kuta za safu ile zilikuwa za udongo na hazikufika mpaka kwenye mabati, basi Shaba na Sindano walipita juu na kutembeleana watakavyo. Mchana ungewakuta wamelala fungu moja, huwezi kujua mkia huu ni wa nani.

Watu wa safu ile walikuwa pia na desturi yao. Ghala la mmoja likijaa nafaka, jirani alimwazima paka. Na paka hakupelekwa peke yake. Alipelekwa na gunia lake la kulalia, limekunjwa vizuri, kwa sababu paka asiponusa kitanda chake hurudi kwao kabla ya jioni. Walisema paka bila gunia lake ni mgeni asiyevua viatu.

Jumatatu moja Samsam aliingia ghalani na maziwa. Kunde alikuja mbio. Choroko alikuja akijikokota. Mchele hakuja.

Alimkuta juu ya gunia, baridi kama jiwe la mtoni. Kwa wiki nzima watoto wale walikuwa wakijikuna, naye alikuwa akiona ni mchezo. Sasa alifunua manyoya meupe ya Mchele kwa vidole, akaona vitu vyeusi vikikimbia huku na huku kama watu waliofumaniwa na mvua sokoni. Viroboto.

Wakati huohuo alisikia kitu juu ya ukuta: kru, kru, kru. Akainua macho. Sindano alikuwa ameketi pale juu, mguu wa nyuma umo sikioni, anajikuna kwa bidii ya mtu anayelipwa. Samsam akamtazama Sindano, akamtazama Mchele. Kesi ikasikizwa, ikaamuliwa na hukumu ikatolewa dakika ileile, bila hata shahidi mmoja.

Alimzika Mchele nyuma ya jiko ndani ya boksi la sabuni. Akong'o alisikia, akaja mbio na sare yake ya shule, mkononi ana kitambaa cheupe kutoka kwa mabaki ya vitambaa vya baba yake, ati Mchele afunikwe. Samsam hakukipokea.

"Mfunikie paka wenu," alisema. "Yeye ndiye aliyemwua. Amemletea viroboto."

Akong'o alisimama akiwa amenyoosha mkono. "Sindano? Sindano hakuwa na kiroboto hata mmoja. Shaba ndiye anayekuja kulala kwetu."

"Nyumba yenu imejaa nguo kuukuu za watu. Viroboto wanatoka huko."

"Na yenu imejaa panya," Akong'o alijibu, na machozi yalikuwa yamemfika. "Usiniseme mimi."

Siku hiyo Samsam alimwomba mwalimu ahamishiwe dawati la mbele. Alisema haoni ubao. Macho yake yalikuwa mazima kama ya mwewe, lakini alichokuwa haoni ni namna ya kukaa karibu na Akong'o bila kumfinya.

Hasira yake haikupungua. Watu husema hasira ni moto wa mabua, huwaka ukaisha. Hii ya Samsam ilikuwa moto wa kinyesi cha ng'ombe: haukuwa na ndimi, lakini ulikuwa umo ndani, na ulikesha. Akila alifikiri kisasi. Akifagia alifikiri kisasi. Alifikiria kumwaga maji kwenye nguo za harusi alizokuwa akizishona Jeconia, akaona hapana, watamshika. Alifikiria kumfungia Sindano katika lori la kwenda Kericho, akaona hapana, Sindano alikuwa na kucha. Mpaka siku moja alipokuwa akilitazama gunia alilofia Mchele, akaona jambo lenyewe limelala pale mbele yake.

Wametuletea viroboto wao, alijiambia. Basi wachukue viroboto wao.

Jeconia na jamaa yake walikuwa Wasabato. Kila Jumamosi asubuhi walivaa nguo nyeupe wakaenda kanisani, na nyumba ikabaki na komeo la kamba tu, maana nani angeiba cherehani ya miguu akaikimbiza barabarani? Jumamosi hiyo Samsam alilikunja lile gunia, akalishika kwa ncha za vidole, mkono mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka. Akaingia kwa fundi kwa mlango wa nyuma. Chini ya cherehani kulikuwa na gunia la Sindano, safi, lina joto bado. Akalichukua hilo, akaliweka la kwake mahali palepale, akalipapasa likae kama lile la kwanza. Moyo ulimwenda kasi, lakini kasi ya furaha. Alirudi ghalani akawatandikia Kunde na Choroko gunia la adui.

Jambo moja hakuliona. Magunia yote ya Gulled yalikuwa na alama pembeni, herufi G ya uzi wa bluu, ili yasipotee sokoni. Na aliyeishona alama hiyo, kwa cherehani ileile, alikuwa Jeconia.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Kunde na Choroko walijikuna kidogo tu. Kutoka upande wa pili wa ukuta Samsam alimsikia Sindano, kru, kru, kru, asubuhi na jioni, na kwa Samsam sauti ile ilikuwa nzuri kuliko nzumari. Shuleni aligeuka akamwona Akong'o akijikuna miguu chini ya dawati, amejaa vipele vyekundu kwenye vifundo. Samsam aliinama juu ya daftari lake akacheka kimyakimya. Mchele amelipiwa, alifikiri.

Siku iliyofuata Akong'o aliinua macho kule nyuma akamtazama. Hakukunja uso. Alimtazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Samsam angekuwa na akili siku hiyo, angeogopa.

Baada ya siku kama kumi na mbili wimbi likaja. Akina mama wa Birongo, wakiongozwa na Bochaberi, mnunuzi na muuzaji wa kelele nyingi, walishusha vikapu mpaka ghala likajaa hadi juu. Gulled aliona panya watafanya karamu. Shaba alikuwa akinyonyesha, hawindi sana. Basi akaenda kwa jirani kuazima paka, kama desturi.

Samsam alirudi kutoka shule saa kumi, akaenda moja kwa moja ghalani. Akamkuta Sindano amejinyoosha pale, Shaba kando yake, Kunde na Choroko wamejilaza tumboni mwake kama watoto wake. Na chini yao wote palikuwa na gunia. Samsam akalijua kabla hajainama. Pembeni palikuwa na herufi G ya uzi wa bluu.

"Akong'o mwenyewe ndiye aliyelileta asubuhi, wewe ukiwa umetangulia shule," baba yake alisema kutoka mlangoni, amefurahi. "Amelikunja vizuri sana, akalitandika mwenyewe. Amesema nikuambie kwamba hakuna kilichopungua humo, kimeongezeka tu. Sikuelewa maana yake, lakini yule ni mtoto mwenye adabu."

Samsam alielewa. Alitaka kulivuta gunia alitupe barabarani, lakini baba yake alimkataza kuligusa: paka wa kuazima akiondolewa gunia lake atarudi kwao, na wimbi lote lile litakuwa chakula cha panya. Angemwambia nini? Kwamba gunia lina viroboto? Angeulizwa amejuaje. Kwamba ni gunia lao wenyewe? Angeulizwa lilifikaje kwa fundi. Kila njia aliyoijaribu kichwani ilipita mlango wa nyuma wa Jeconia, siku ya Jumamosi.

Akaliacha gunia palepale. Hasira ikawaka upya, kali kuliko ya kwanza, kwa maana sasa alikuwa amepigwa kwa fimbo yake mwenyewe. Alianza vita peke yake. Baada ya shule aliketi ghalani akiwapekua paka, akiwakamata viroboto na kuwaponda kati ya kucha mbili. Siku ya kwanza aliua kumi na mmoja. Siku ya pili aliua ishirini. Siku ya tatu aliona wamezidi kana kwamba waliokufa walikuwa na mazishi na jamaa wote wamekuja. Akalichukua gunia akalikung'uta palepale ghalani, kwa nguvu zake zote, mpaka vumbi likajaa puani. Alidhani anawafukuza.

Choroko, aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliacha kuja kwenye maziwa. Kwanza alikuja akiwa amechelewa. Halafu ikabidi kikombe kipelekwe kwake. Siku ya soko asubuhi alilamba mara mbili, akaweka kidevu chake kwenye ukingo wa bati, akafumba macho. Samsam alimfunua mdomo. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama chaki. Ndivyo ulivyokuwa ufizi wa Mchele.

Kila siku ya soko Bwana Momanyi wa idara ya mifugo alikuja Keroka kukagua ngozi. Alikuwa mtu wa Nyamira, mnene, kofia imekaa upande, na mzaha haukumtoka mdomoni hata akikagua ngozi iliyooza. Akimaliza kazi alikunywa chai kwa Gulled. Siku hiyo Asli alimwona Choroko mikononi mwa binti yake, akamwomba Bwana Momanyi amtazame, japokuwa si ng'ombe.

"Paka ni ng'ombe wa watu wa dukani," Bwana Momanyi alisema. "Mlete."

Lakini alipouinua mdomo wa Choroko mzaha ulimwisha. Aliomba kitambaa cheupe, akakilowesha maji, akakitandaza juu ya meza. Akaomba kitana cha meno membamba. Akamchana Choroko mgongoni taratibu, na kutoka kwenye kitana vikadondoka vipunje vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Samsam alivijua, siku zote alidhani ni uchafu wa ghala.

"Tazama sasa, mama," Bwana Momanyi alimwambia Samsam.

Vipunje vilikaa juu ya kitambaa kilicholowa. Kisha kila kimoja kikaanza kutoa rangi pembeni yake, na rangi ile ilikuwa nyekundu.

"Hiki ni kinyesi cha kiroboto," alisema. "Na kinyesi chake ni nini? Ni damu ya huyu mtoto. Ameinywa mpaka imemwagika upande wa pili. Paka mkubwa ana damu ya kutosha kuwakaribisha wageni hawa. Huyu hana."

Samsam alikitazama kitambaa. Madoa yalikuwa mengi, na yaliendelea kutanuka.

Bwana Momanyi aliwaeleza kwamba Choroko anaweza kupona, lakini kazi ni ya leo, si ya kesho. Aoshwe, akaushwe, apewe maziwa na vipande vya ini. Paka wote wa nyumba waoshwe naye. Tena kuwaosha paka ni nusu ya kazi tu. Kiroboto hutaga mayai juu ya paka, lakini mayai hayagandi kwenye manyoya. Huanguka kama chumvi popote paka alalapo: kwenye gunia, sakafuni, katika nyufa. Huko yanaanguliwa mabuu, mabuu yanajifunga vifuko, na ndani ya vifuko wanangoja, hata wiki kadhaa, mpaka wasikie joto na mguu wa mnyama unapita. Hapo wanaruka. Kwa kila kiroboto umwonaye juu ya paka, alisema, kuna jamaa zake wengi usiowaona chini.

Samsam alikumbuka jinsi alivyolikung'uta gunia.

"Sasa nijibuni swali moja," alisema Bwana Momanyi. "Paka hawa wanalala wapi pengine? Nikisafisha hapa peke yake na kuna nyumba nyingine yenye viroboto haohao, siku kumi hazitapita watakuwa wamerudi wote. Na huyu mtoto hana damu ya siku kumi."

Asli alisema wanalala papa hapa tu. Gulled alisema kuna Sindano wa jirani, lakini yeye ameletwa juzijuzi tu kuazimwa, na nyumba ya fundi ni safi. Bwana Momanyi akaanza kukunja mikono ya shati, aanze kazi hapo ghalani.

Samsam angeweza kunyamaza. Kisasi chake kilikuwa bado kiko ndani, na kilimwambia: waache, wabaki na viroboto wao. Lakini Choroko alikuwa amelala kwenye kiganja chake, mwepesi kama ganda, na aliweza kuuhisi moyo wake ukipigapiga kwa haraka. Angenyamaza, angekuwa anamchimbia shimo la pili nyuma ya jiko.

"Kwa fundi kuna viroboto," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyewapeleka."

Akasema yote. Alisema Jumamosi, mlango wa nyuma, gunia. Alisema alivyofurahi. Gulled alikaa juu ya gunia la wimbi. Asli hakumpiga wala hakumgombeza. Alimtazama tu, na Samsam angeona afadhali kiboko.

Bwana Momanyi alikohoa. Kisha akauliza swali lingine, polepole: huyu Shaba, kabla ya kuzaa, alikuwa amekwenda wapi? Gulled alifikiri. Akasema alikuwa amemwazima ndugu yake Yakub wa Masimba kwa wiki mbili, katika banda lake la ngozi, akiwa na mimba changa. Na banda lile, Asli aliongeza, lina mbwa watatu wanaolala mlangoni. Akamtazama Shaba.

"Alirudi akijikuna," Asli alisema. "Nikasema ni mimba."

Samsam alijumlisha mwenyewe. Shaba ndiye aliyewaleta. Shaba ndiye aliyekwenda kulala kwa fundi. Akong'o alikuwa amesema kweli siku ya kwanza, na kitambaa mkononi.

Asli alimshika binti yake mkono wakaenda mlango wa pili. Magdaline alikuwa akipiga pasi ya makaa. Akong'o alikuwa akiokota sindano sakafuni. Samsam alisema aliyokuja kusema, macho yake kwenye vidole vya miguu yake, na alipofika kwenye neno la Masimba alilazimika kulianza mara mbili. Akaomba msamaha.

Magdaline aliweka pasi chini. Aliona haya kwamba nyumba yake imejaa viroboto na amekuwa akiwaficha watu jambo hilo. Lakini kabla hajasema, Akong'o alianza kulia.

"Mimi nililijua lile gunia," alisema. "Uzi ule ni wa baba. Ningeweza kulichoma. Nikaliweka makusudi, nikangoja baba yako aje kuazima. Nilitaka na ninyi muumwe na viroboto. Sikujua kwamba Choroko..."

"Yaye, watoto hawa," Magdaline alisema. "Mmetumiana viroboto kama watu wanaotumiana barua. Na posta yenyewe ni paka."

Asli alijaribu kutocheka, akashindwa. Lakini wale wasichana wawili hawakucheka.

Kazi ilianza palepale. Choroko alioshwa kwanza, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Bwana Momanyi alimwonyesha Samsam siri yake: pakaza povu shingoni kwanza, mzunguko mzima, kwa maana kiroboto akihisi maji hukimbilia masikioni na machoni, na povu shingoni ni boma asiloweza kuliruka. Kisha Samsam akamkausha, akamchana, kila kiroboto kitanani akizamishwa katika kikombe cha maji ya sabuni. Akamfunga kwa kitambaa akamweka karibu na meko. Shaba alivumilia kuoshwa kama mtu mzima. Sindano hakuvumilia. Alimpa Gulled alama tatu kwenye mkono, na Jeconia alimwambia jirani yake kwamba hizo hawezi kuzishona.

Gulled alikuwa ameleta chupa ya mafuta ya taa, akitaka kuwapaka paka wamalize vita mara moja. Bwana Momanyi aliichukua akairudisha rafuni. Paka hujilamba, alisema, na mafuta hayo yatamwua kabla ya kiroboto.

Kesho yake safu nzima ilifanya kazi, maduka yote matano. Gunia lenye herufi ya bluu lilichomwa moto. Magunia mengine ya paka yalichemshwa ndani ya debe. Vumbi lilichokolewa katika kila ufa, likafagiliwa, likachomwa, na sakafu zikasiribwa upya kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Bwana Momanyi alileta pakiti ya unga wa maua ya pareto, ambayo wakulima wa huko juu walikuwa wameanza kuyapanda. Aliunyunyiza mwenyewe kwenye nyufa na pembe za kuta, paka wakiwa wamefungiwa mbali.

Adhabu ya wasichana ilipangwa na mama zao, na ilikuwa moja. Kwa wiki nne, kila siku baada ya shule, wataketi pamoja wawachane paka wote wa safu ile, na kila Jumapili watachemsha magunia, kwa sababu mayai ya zamani yataendelea kuanguliwa. Wiki ya kwanza waliketi kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Wiki ya pili Sindano alitoroka na povu akapita juu ya wimbi la Bochaberi, wakalazimika kumkamata pamoja, na mgongo ukasahauliwa. Choroko alianza kunywa maziwa, kisha kula ini, kisha kuiba ini la Kunde, na hapo kila mtu akajua amepona.

Desturi ya safu nayo ikabadilika. Paka aliendelea kuazimwa, lakini gunia lake lilichemshwa kwanza na kukaushwa juani, na mwenye paka alilazimika kusema kwa mdomo wake kama paka anajikuna. Wa kwanza kusema alikuwa Gulled, na hakuna aliyemcheka.

Wiki ya nne ilipotimia Bwana Momanyi alirudi. Aliwachana paka wote, mmoja mmoja. Kitambaa kilibaki cheupe. Akaomba chai yake, akawaita wale wasichana wakae mbele yake.

"Sikilizeni," alisema. "Kiroboto hajui nani alianza. Hajui Mwislamu wala Msabato. Ukimtuma kwa jirani, atazaa huko, na atarudi kwako na wajukuu. Na kisasi ni hivyohivyo. Wewe, Samsam, ulimhukumu mwenzako kwa kuwa paka wake alijikuna mbele yako. Wewe, Akong'o, ulikuwa na haki mpaka ulipoona gunia ukanyamaza. Kati yenu, nusura mtoto wa paka afe, na hakuwa amemkosea mtu. Watu wanaoishi pamoja hawana namna ya kusafisha upande mmoja. Palipochafuka, semeni mapema, kisha msafishe wote kwa siku moja."

Asli aliongeza jambo moja tu: kwamba Mchele hatarudi, na hilo walikumbuke watakapotaka tena kumlipa mtu.

Jioni ile wasichana waliketi kwenye kizingiti cha ghala, kitana mikononi ingawa adhabu ilikuwa imekwisha. Choroko alikuwa amelala kati yao.

"Bado una hasira na mimi?" Samsam aliuliza.

Akong'o alifikiri. Hakutaka kusema uongo. "Kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kama kiroboto mmoja."

Samsam alimchana Choroko mgongoni. "Mmoja ni wengi," alisema mwishowe.

"Najua," Akong'o alijibu, akasogea karibu. "Basi tukae hapa mpaka tumpate."